Usizime, Mwanamke Yuko Njiani

Mtu anayepuliza maiki kabla ya kusema, fuu fuu, kisha akauliza "Mwanisikia?", huyo asipewe maiki. Nimeyasema haya miaka yangu yote ya kazi na hakuna aliyenisikia, ingawa mwenye kuwasha spika nilikuwa mimi. Sasa nimestaafu, funguo nimekabidhi, na vijana walionirithi katika ukumbi wetu wa Wete wameniomba niwaandikie kidogo namna kazi ilivyokuwa. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba maandishi haya wasiyasome hadharani. Nawajua. Watapuliza maiki kwanza.

Kazi yangu iliitwa msimamizi wa ukumbi. Maana yake ni ufagio, funguo, swichi kubwa na lawama. Taa ikiungua, Khatib. Kiti kikivunjika chini ya mheshimiwa aliyeshiba, Khatib. Mwimbaji akisahau maneno yake mwenyewe, spika za Khatib zimemchanganya. Mambo ya vyeo siyaandiki hapa, kwa kuwa nilianza msimamizi na nimemaliza msimamizi, na katikati yake hakuna kilichotokea isipokuwa mvi.

Niliingia kazini kijana, Mapinduzi yakiwa yamepita miaka kadhaa. Ukumbi ulikuwa umetangazwa kuwa ni wa wananchi, na kila mwananchi alilielewa hilo kwa maana ya kuwa anaweza kuweka miguu juu ya kiti cha mbele yake. Aliyenipokea ni Mzee Mbarouk, mtu mwembamba, mkali, ambaye sikumwona hata siku moja akikaa kwenye kiti cha ukumbini. Viti vile, alisema, ni vya watu wasio na kazi. Wiki ya kwanza hakunifundisha chochote ila kukunja waya. Waya haukunjwi kwa kuzungushwa kiwikoni kama kamba ya kuanikia nguo. Unaulaza mkononi, duara moja ndani, duara moja nje, nao siku ya shughuli unafunguka wenyewe bila fundo. Ninyi vijana bado mwauzungusha kiwikoni. Nimepita juzi nikaona, nikaondoka bila kusalimu.

Alinifundisha pia kufunika spika kwa khanga kuukuu, maana hewa ya bandarini ina chumvi na chumvi haina adabu. Alinifundisha kuzisafisha maiki kwa spiriti kila baada ya hotuba, kwa sababu mheshimiwa akishasema umoja na mshikamano kwa nusu saa, mate yake hubaki kwenye wavu. Na msimu wa karafuu alinifundisha kutomfungulia mtu yeyote, kwa kuwa uwanja wa mbele wote ulijaa majamvi ya karafuu zilizoanikwa, na mwanamuziki hajui kutofautisha jamvi la mtu na njia.

Lakini somo lake kubwa nililipata siku ya taarabu yangu ya kwanza. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Saa ya kufunga ikafika, nami mgeni, nikidhani saa ni kitu cha maana, nikanyoosha mkono kwenye swichi kubwa. Mzee Mbarouk akanidaka kifundo cha mkono.

"We, wazima nini?"

"Saa imefika, Mzee."

"Saa imefika, na yule hajafika. Huoni mwanamke yuko njiani?"

Nikatazama. Mke wa mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuwa ameinuka kwenda kumtunza mwimbaji. Ninyi siku hizi mwatunza kwa simu, kwa hiyo nieleze. Mwanamke akiguswa na wimbo husimama, noti mkononi au pindoni mwa khanga, akaanza kwenda jukwaani. Haendi mbio. Anakwenda kwa mwendo wa wimbo, anasimama, anaringa, anamtazama mbaya wake aliyekaa safu ya pili, anaendelea. Akifika anamtia mwimbaji ile noti mkononi au anambandikia kwenye kipaji cha uso, ndipo roho yake itulie. Sheria ni moja tu: akishasimama, wimbo haumaliziki mpaka afike. Ndiyo maana nyimbo za taarabu ni ndefu. Watu wa vyuo huja na sababu nyengine za kitaalamu, lakini sababu ni hiyo. Kumkatia mtu wimbo akiwa katikati ya ukumbi, mkono juu, macho yote kwake, ni kumvua nguo. Zipo nyumba hapa Wete zilizokosana kwa ajili hiyo, na wajukuu hawazikani mpaka leo.

Miaka ile ndipo ilipotokea bendi ya Radi. Walikuwa vijana wanne waliosikia muziki wa roki kwenye redio ya mjomba wa mtu, wakaamua kwamba Pemba nayo iwe nao. Kiongozi wao alikuwa Omar, jirani yangu, ukuta wetu mmoja. Gitaa lake lilikuja kwa jahazi kutoka Tanga likiwa na nyuzi nne. Mbili zilizopungua alizitoa kwenye breki ya baiskeli ya babake, na mzee yule akapanda baiskeli bila breki kwa muda mrefu kabla ya kujua kwa nini. Vijana wale walivaa suruali za bugaluu za kufagilia njia na viatu vya raizoni vyenye visigino virefu, na nywele wamezifuga mpaka kofia haiingii. Muziki wao? Makelele. Ngoma moja, magitaa mawili, na mtu anayelia kama aliyebanwa kidole mlangoni. Omar alijua mishiko mitatu tu ya gitaa. Nyimbo zote za Radi zilikuwa na mishiko hiyo hiyo mitatu, wakizibadilisha majina.

Wimbo mmoja tu ulikuwa na afadhali. Haukuwa na jina, watu waliuita Ule wa Omar. Aliutunga alipokuwa akimposa Mize, na ulikwenda taratibu, mwendo wa mtu aliyebeba mtungi kichwani. Hata Mzee Mbarouk, ambaye kila Radi wakipiga alijitia pamba masikioni mbele ya macho yao, pamba alikuwa akiitoa kwa wimbo huo, kisha akairudisha.

Mize akaolewa na Omar. Akawa anakuja ukumbini, anakaa nyuma karibu na mlango, karibu na swichi yangu, na ukipigwa Ule wa Omar anatazama chini. Mama mkwe wake alikuwa amempiga marufuku kusimama kutunza. Mke wa mtu, alisema, hatunzi wahuni, hata kama mmoja wa wahuni ni mumewe. Basi Mize hakusimama hata siku moja. Alikaa akivuta pindo la khanga yake mpaka likafumuka uzi.

Halafu ukaja ule wakati ambao baadhi ya vijana walipewa mkasi na madaraka katika siku moja, mchanganyiko mbaya sana. Wakasema bugaluu na nywele ndefu ni utamaduni wa kigeni. Walimkamata Omar mchana, sokoni, mbele ya wauza samaki, wakamnyoa upande mmoja wa kichwa, wakaupasua mguu mmoja wa suruali mpaka pajani, wakamwachia aende nyumbani hivyo. Waliofanya hivyo wengine niliwaona baadaye ukumbini, watu wazima wenye matumbo, wakicheza rumba. Omar alifika kwake, akamaliza kunyoa upande uliobaki, akalifunga gitaa katika khanga ya mkewe, akalitundika msumarini juu ya mlango wa chumba. Kuanzia siku ile akawa mpima karafuu. Aliishi miaka mingi, akazaa, akazeeka, na sikumsikia tena akipiga hata mluzi.

Miaka ya katikati nitaipitia upesi, nanyi mtanishukuru. Ilikuja mikutano na semina, na katika kila semina kulikuwa na soda na mtu aliyelala. Ikaja video, tukaweka televisheni moja jukwaani watu mia wakatazama mwanga. Ikaja taarabu ya kinanda, ambayo mtu mmoja anabonyeza kitufe, na wale wapiga fidla waliojifunza tangu utotoni wanabaki kubeba waya. Wakaja vijana wa muziki wa kufoka, suruali chini ya makalio, kila mmoja akitangaza kwamba yeye ndiye namba moja, na wote walikuwa na spika moja mbovu ya kuazima kwangu. Mzee Mbarouk alifariki katika miaka hiyo. Nilimbeba mpaka kaburini, nikarudi nikakunja waya, kwa sababu jioni ile kulikuwa na hotuba.

Omar naye akafuata. Arobaini yake ilipokwisha, mwanawe wa mwisho, Faki, akapanda kwenye kiti akalitungua gitaa la babake.

Bi Mize hakupiga kelele. Alimwambia mwanawe neno moja tu, alirudishe. Faki akakataa. Bi Mize akaja ukutani kwangu.

"Khatib, gitaa lile lilimtoa mume wangu nywele na heshima, mchana, sokoni. Mie nilimfungulia mlango. Mie nimemwona alivokuwa. Sasa yuno mwana kalitungua. Basi sisemi naye mpaka lirudi msumarini."

"Bi Mize, ni mtoto wako."

"Nami ni mamaake. Sisemi naye."

Na hakusema. Alimpikia, alimfulia, lakini maneno yote yalipitia kwa paka. Kila asubuhi nilimsikia nyuma ya ukuta. "Pusi, mwambie aliyelala kwamba jua limetoka." "Pusi, muulize mwenye gitaa kama atakula ama ameshashiba kelele." Paka mwenyewe alikuwa mvivu, hakufikisha ujumbe hata mmoja. Faki alijibu kupitia kwa paka yule yule. Idd ikaja ikapita, Mfungo Tatu na maulidi yake, msimu wa karafuu, nyumba ile ikawa inaendeshwa na paka.

Faki akaunda bendi. Mpiga ngoma alikuwa Shaame, mtoto wa Kojani, mikono ya kuvutia nyavu, anayepiga ngoma kana kwamba inamdai. Wa besi alikuwa kijana mmoja wa Konde aliyekuja Wete kwa gari la abiria kila Alhamisi na kulala njia nzima, na nikimsikiliza akipiga nilishuku kwamba bado amelala. Wakajiita Kutu. Jina walipatia. Wakaja kwangu kuomba mazoezi.

"Ami, twataka ukumbi," Faki akasema. "Twapiga panki."

Nikamwambia panki niijuayo mimi ni mtindo wa kunyoa, na kwa familia yake mambo ya kunyoa yametosha.

Hakuchukia. Akanieleza kwa bidii, akiwa amevaa suruali aliyoipasua magotini mwenyewe, kwa wembe, mzima na akili zake. Nilifikiria suruali ya babake. Zamani, akasema, roki ilikuwa nyimbo fupi, mishiko mitatu, mtu yeyote angeweza kupiga. Kisha wakaja mabingwa wa kujionesha, wakazirefusha nyimbo, wakazitia madoido, roki ikanenepa. Panki ni kurudi kwenye shina. Ni kuitoa ile ya mwanzo, mbichi, na kuipiga kwa kasi kabla haijaoza tena.

"Faki," nikamwambia, "babako alikuwa na mishiko mitatu kwa sababu wa nne hakuujua."

"Ndiyo hasa, Ami!" akafurahi. "Ndiyo hasa!"

Wiki iliyofuata nikaona kwenye fulana yake ameandika kwa rangi: WA NNE HATUUJUI. Huwezi kumtukana mtu anayeyachukua matusi yako akayavaa.

Walikuwa na kanuni, na mimi mtu wa kanuni niliwasikiliza walau kwa hilo. Wimbo usifike dakika mbili. Kisichorudiwa hakichoshi, kwa hiyo hakuna kurudia. Hakuna kumshukuru mtu jukwaani. Mwisho wa wimbo ni ghafla, kama kukatika umeme. Hii ya mwisho nilimwambia haina maana hapa Pemba, watu watadhani ni umeme kweli na watakwenda zao. Waliyafanya mazoezi yao Alhamisi alasiri, nami nilijitia pamba masikioni mbele ya macho yao. Kazi hurithiwa na mambo yake yote.

Lakini kila Alhamisi wakimaliza, Shaame akibeba ngoma zake, Faki alibaki nyuma akijifanya ananisaidia kukunja waya. Aliukunja vibaya. Na kila mara aliuliza jambo lile lile kwa sauti ya mtu asiyejali.

"Mama hajauliza kitu?"

"Muulize paka," nikamjibu.

Alhamisi moja akauliza jambo jengine. Amesikia babake alikuwa na wimbo. Mama hasemi, wenzake babake wamekufa au wamehamia Mombasa. Je, mimi naukumbuka? Mimi siimbi. Sijawahi kuimba, na ingefaa watu wengi zaidi waseme hivyo. Lakini nilimpigia mluzi, mara moja, nimeegemea ufagio. Faki alikaa kwenye ukingo wa jukwaa, akautafuta kwa vidole, akaupata, akageuka upande wa ukuta kwa muda. Kisha akaja na wenzake wakaushika, wakauongeza kasi mara mbili, mara tatu, mpaka ule wimbo wa mtungi kichwani ukawa wimbo wa mtu aliyeuangusha mtungi na sasa anafukuzwa. Niliondoka nikaenda kusafisha vyoo, ambako kulikuwa na heshima zaidi.

Idd ndogo ikakaribia, na sikukuu za Wete mwazijua. Ofisa mpya wa utamaduni, kijana aliyeletwa kutoka Chake Chake akiwa na tai mpaka siku ya Idd, aliona katika maombi neno "vijana" mara nyingi akaidhinisha bila kusikiliza. Kutu wakapewa alasiri ya Idd pili, nusu saa kabla ya Magharibi, na taarabu ya akinamama ifuate usiku. Nikamwuliza kama anajua anachokifanya. Akaniambia utamaduni ni kitu kinachokua. Nikamwambia jipu nalo.

Siku ile ukumbi ulijaa, si kwa ajili ya Kutu. Akinamama walikuwa wamewahi nafasi za mbele kwa ajili ya taarabu yao, wamevaa khanga mpya zinazonuka dukani bado, asumini vichwani, noti zimekunjwa pindoni tayari. Watoto walikuwa na miwani ya plastiki na ice cream mpaka viwikoni. Bi Mize naye akaja. Alikaa pale pale alipokuwa akikaa ujanani, nyuma, kando ya swichi yangu. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeshika maradhi ya goti, akitembea anauvuta.

"Nimekuja kuchukua mkeka wangu," akaniambia kabla sijamwuliza.

Mkeka wake haukuwahi kuwepo ukumbini. Nikamvutia kiti.

Kutu wakapanda. Faki akaisogelea maiki, na namshukuru kwa hili moja, hakuipuliza. Wakaanza. Nikajitia pamba. Sitaueleza muziki. Watoto waliziba masikio kwa raha. Akinamama wakatazamana. Lakini akinamama wa Wete wana adabu kuliko muziki wowote, na mmoja wao, Bi Tatu, shangazi yake Shaame aliyevuka kutoka Kojani kwa ajili ya sikukuu, aliona si vizuri mtoto wa nduguye apige jasho limtoke bila kutunzwa. Akasimama, noti juu, akaanza kuringa. Hatua ya tatu, wimbo ukakatika.

Bi Tatu akabaki amesimama kama aliyesahau alichofuata. Watu wakacheka kidogo. Akarudi akakaa. Ukaanza wimbo wa pili, akasimama tena, mwanamke mwenye subira. Kabla hajaipita safu yake, pa, umekwisha.

"We Shaame!" akapaza sauti. "Wanifanyia kusudi? N'takuja kukutunza kwa bakora!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Shaame akawa anatazama ngoma zake kana kwamba ndiyo kwanza anaziona. Bi Tatu akaketi kwa kishindo, akaifunga noti yake pindoni mafundo mawili. Nikawaza, hapo ndipo falsafa inapokwisha, mbele ya shangazi.

Ndipo wakaupiga Ule wa Omar. Waliupiga kwa kasi yao ya wendawazimu, Faki akipiga ukelele juu yake, na nilidhani hakuna mwengine atakayeutambua. Kiti kilicho kando yangu kikalia. Bi Mize amesimama.

Hakunitazama. Alifungua pindo la khanga, akatoa noti, akaiinua, akaanza kwenda. Mambo aliyokatazwa ujanani na mama mkwe, akakatazwa na mkasi, akajikataza mwenyewe, yote aliyaacha pale kwenye kiti. Alikwenda kwa mwendo wa wimbo aliokuwa akiujua yeye, wa taratibu, akiuvuta mguu, wakati spika zinapiga mwengine. Na mimi nilikuwa naujua urefu wa nyimbo za Kutu. Nilijua kwamba hatafika. Moyo wangu, ambao sikuuajiri kwa kazi hiyo, ukaanza kwenda kasi ya Shaame.

Wimbo ukakatika akiwa katikati kabisa ya ukumbi.

Safari hii hakuna aliyecheka. Wote waliokuwemo walijua kwamba mama yule hasemi na mwanawe; Wete si kubwa. Bi Mize akasimama, mkono juu, mguu mmoja mbele. Faki alikuwa ameinama juu ya gitaa, akisubiri ule ukimya wao wanaoupenda. Alipoinua kichwa akamwona. Nikamwona anavyogeuka rangi. Kama angemwacha hapo, mama yule angerudi nyuma safu zote zile, chini ya macho ya mji mzima, na asingezungumza naye tena mpaka kaburini. Na asingetumia hata paka.

Shaame ndiye aliyejua la kufanya. Mtoto wa Kojani, shangazi yake amekaa mbele ameshampa ahadi ya bakora. Alishusha mkono kwenye ngoma, pole, mara moja. Kisha tena. Faki akaushika wimbo upya, mishiko mitatu, kutoka mwanzo. Ulipofika mwisho hakuukata. Akauzungusha. Ulipofika mwisho tena, akauzungusha tena. Kanuni yote ya Kutu ikaanguka chini, nao wakaikanyaga. Yule wa Konde akaamka. Bi Mize akainua mguu wake, akaendelea.

Ofisa akanijia mbio, tai begani. "Mzee Khatib, muda! Magharibi inakaribia, zima!"

"Mwanamke yuko njiani," nikamwambia.

"Nini?"

"Hapo ulipo, wewe ni ofisa. Lakini mwanamke yuko njiani, na anayetaka kuigusa swichi hii aniondoe mimi kwanza."

Akasimama. Nadhani ndilo jambo la kwanza la utamaduni alilofundishwa. Mimi nilisimama mgongo kwenye swichi, nikimwomba Mungu muadhini apoteze funguo zake kidogo, japo najua dua hiyo haifai.

Alifika. Shaame alikuwa ametota jasho, kidole cha Faki kimoja kilikuwa kimechanika kwa ule uzi wa breki, maana ulikuwa haujabadilishwa tangu enzi za babake. Bi Mize alimbandikia mwanawe noti kwenye kipaji, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika kwenye jasho, na kiganja hakukiondoa. Akasema, na maiki ikachukua, maiki niliyoisafisha mimi, ukumbi mzima ukasikia maneno yake ya kwanza kwa mwanawe tangu arobaini.

"Babaako akiupiga polepole."

Faki akasema, "Ndiyo, mama."

"Basi upige."

Akaupiga polepole. Mzunguko mmoja. Niliitoa pamba masikioni. Bi Tatu alikuwa akijifuta macho kwa lile pindo lenye mafundo mawili. Miaka yote ile ya ukumbi, hotuba, rumba, taarabu, kufoka na panki, muziki nilioukubali bila masharti ni huo, na haukufika dakika moja. Kisha adhana ikaanza, na nikazima.

Msidhani Kutu walitengenezeka. Alhamisi iliyofuata walirudi na upuuzi wao ule ule, kasi ile ile, ila kila wakimwona mwanamke amesimama wanauzungusha wimbo kwa hofu mpaka akae. Wanaita hiyo ndiyo panki ya Pemba. Waiite watakavyo.

Lakini asubuhi ya Idd tatu, nikifagia uani kwangu, nilimsikia Bi Mize nyuma ya ukuta. Gitaa halikurudi msumarini. "Faki!" aliita. "We Faki, mwana mvivu weye, jua limetoka, uji wapoa, wataka nikuletee kitandani kama mkeo? Amka, mpumbavu mkubwa!" Alimtukana kwa muda mrefu, kwa jina lake, mpaka uji ukapoa kweli, na paka alikuwa amekaa juu ya ukuta akinitazama, hana tena kazi.